Mvumo Ubaki Nje: Kuunda Ingizo la Balansi kwa Gharama Ndogo

Ndugu mafundi, wabunifu wa vifaa vya sauti na wanafunzi wa elektroniki, hamjambo.

Tuanze na plagi ya XLR ambayo kila mmoja wetu ameilehemu mara zisizo na hesabu. Pini 1 ni wavu wa kebo, pini 2 ni chanya, pini 3 ni hasi. Ndivyo ilivyo katika kiwango cha AES14 cha mwaka 1992, cha chama cha wahandisi wa sauti. Sasa muulize fundi laini ya balansi ni nini. Wengi watakujibu kwamba ni laini yenye sauti mbili zilizo sawa, moja imegeuzwa kichwa chini. Jibu hilo linawapotezea watu fedha nyingi, kwa sababu linawafanya wahangaikie sauti badala ya kuhangaikia ukinzani.

Laini ya balansi ni ile ambayo nyaya zake mbili zina impidansi sawa kuelekea ethi, yaani ukinzani sawa kwa umeme wa kubadilika. Basi. Unaweza kupeleka sauti yote kwenye waya wa chanya, waya wa hasi ukaufunga kwenye ethi kwa rezista tu inayolingana na ya mwenzake, na mbele ya mvumo, ule mngurumo wa umeme wa soketi, laini hiyo ni ya balansi sawasawa. Mvumo wa 50 Hz hauangalii waya gani umebeba muziki. Unapanda kwenye nyaya zote mbili, na kama nyaya hizo zinafanana kiukinzani, unafika upande wa pili ukiwa na kimo kilekile kwenye kila waya. Kazi ya ingizo ni kusoma tofauti kati ya nyaya, na kilicho sawa kwa zote mbili kukitupa. Kile kilicho sawa tukiite ishara ya pamoja, na uwezo wa kukitupa tuuite CMRR, kama unavyoandikwa kwenye karatasi za viwandani.

Kwa nini tuhangaike nao? Chukueni miksa iliyo mbele ya ukumbi na amplifaya zilizo nyuma ya jukwaa, kila upande umechomekwa soketi yake. Kati ya machasisi, yaani maboksi ya chuma ya vifaa hivyo viwili, si ajabu kukuta milivolti 100 za umeme wa 50 Hz, zinazotokana na mkondo unaovuja kwenye vichujio vya umeme na kupita kwenye waya wa ethi. Milivolti 100 ni −17.8 dBu, yaani desibeli zinazopimwa dhidi ya volti 0.775. Sauti yetu ya kawaida ya kikazi ni +4 dBu, yaani volti 1.228. Ingizo lenye CMRR ya 34 dB linaacha mvumo ukiwa −51.8 dBu, chini ya sauti kwa 56 dB hivi. Mhubiri akinyamaza, watu watausikia. Ingizo la 60 dB linaushusha hadi −77.8 dBu, karibu 82 dB chini ya sauti. Hapo hausikiki tena. Shikeni namba hizo mbili, 34 na 60, maana umbali kati yake hauna uhusiano na bei ya chipu.

Sakiti ya bei ndogo kuliko zote mnaijua: opampu moja, yaani chipu ya kukuza ishara, na rezista 4. Rezista ya kwanza inatoka waya wa hasi kwenda mguu wa kugeuza, ya pili inatoka tokeo kurudi mguu huohuo, ya tatu inatoka waya wa chanya kwenda mguu usiogeuza, ya nne inatoka hapo kwenda ethi ya sauti. Zote zikiwa za kilo-omu 10, ukuzaji ni 1. Ishara ya pamoja hufutika pale tu uwiano wa rezista ya kwanza na ya pili unapokuwa sawa na uwiano wa ya tatu na ya nne. Uwiano ukikosea kidogo, mvumo unapita kwa kiasi hichohicho.

Hesabu ya hali mbaya kabisa ni hii: jumlisha 1 na ukuzaji, gawanya kwa mara nne ya kosa la rezista, kisha geuza jibu kuwa desibeli. Rezista za asilimia 5 zinakupa 20 dB. Za asilimia 1 zinakupa 34 dB. Za asilimia 0.1 zinakupa 54 dB. Opampu haimo kabisa katika hesabu hiyo. NE5532, opampu ya kawaida, kwa upande wake ina CMRR ya 100 dB hivi. Kwa hiyo anayeing'oa NE5532 na kuweka chipu ya bei mbaya, halafu akaziacha rezista zilezile za asilimia 1, amenunua kitu kizuri lakini mvumo wake haujasogea.

Rezista za asilimia 0.1 zipo, na bei yake inajulikana. Lakini tazameni tena sharti letu: tunahitaji uwiano ulingane, thamani kamili haituhusu. Rezista ya omu 10,040 ikipata pacha wa omu 10,040 ni nzuri kabisa. Nunua ukanda mmoja wa rezista 100 za metali za asilimia 1, zile zilizotoka kiwandani zikiwa zimeshikana kwenye utepe mmoja. Mara nyingi hukaribiana kuliko kosa lililoandikwa. Zipime moja moja. Mita ndogo yenye tarakimu tatu na nusu, kwenye kipimo cha kilo-omu 20, husoma kwa hatua za omu 10. Hata kama mita yenyewe inasema uongo kwa asilimia 1, haidhuru, inawadanganya pacha wote wawili uongo mmoja. Ukipata mita ya tarakimu nne na nusu, ni bora zaidi. Chagua nne zilizo ndani ya omu 10, na CMRR yako katika hali mbaya kabisa imefika 60 dB.

Wakati wa kupima, usishike miguu yote miwili ya rezista kwa vidole. Ngozi yenye megaomu 1 ikikaa sambamba na kilo-omu 10 inashusha kipimo kwa karibu omu 100, na hapo unachagua vidole vyako, si rezista. Tumia klipu, acha ipoe kama umetoka kuishika, halafu soma.

Wengine hupenda trima, yaani rezista ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi. Rezista ya nne, ile ya kwenda ethi, unaibadilisha kwa kilo-omu 9.53 pamoja na trima ya kilo-omu 1 yenye mizunguko mingi. Inafanya kazi, na unaweza kuivuta CMRR ikapita 80 dB mezani. Kwa maoni yangu ni ulemavu wa kujitakia kwenye kifaa cha kusafiri: trima inatikiswa garini, inapata joto, na kuna siku mtu ataizungusha kwa kudhani ni ya sauti. Itumieni kwenye kifaa kinachokaa studio, na mkishaiweka sawa itieni tone la rangi.

Tufike sasa mahali ambapo sakiti nzuri huanguka. Ingizo halifanyi kazi peke yake. Kuna kifaa kinacholilisha, nacho kina ukinzani wake wa kutolea sauti. Ukinzani wa chanzo kwenye waya mbili, na ukinzani wa ingizo kuelekea ethi kwenye waya mbili, vinafanya daraja la Wheatstone lenye mikono minne. Mkono mmoja ukipungua, daraja linainama, na ishara ya pamoja inageuka kuwa tofauti. Ikishageuka tofauti, hakuna opampu itakayoitambua kuwa ni mvumo.

Katika sakiti yetu ya rezista 4 za kilo-omu 10, ishara ya pamoja inaona kilo-omu 20 kwenye kila waya. Chanzo chenye waya mmoja uliozidi mwenzake kwa omu 10 kinatuwekea ukomo wa 10 kwa 20,000, yaani 66 dB. Omu 10 si nyingi: ni rezista mbili za omu 100 za asilimia 5, moja juu moja chini, au kapasita za kutolea zisizolingana. Kuna chipu zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hii, rezista zake zikiwa zimechongwa kwa leza ndani kwa ndani. INA134, kwa mfano, ina rezista za kilo-omu 25 na imeandikwa 90 dB. Lakini omu 10 juu ya kilo-omu 50 ni 74 dB. Bado ni nzuri, na kwa anayetengeneza vifaa vingi inamwokolea saa za kupima rezista, ingawa bei yake ni mara kadhaa ya NE5532. Ila ile 90 hataiona, isipokuwa kwenye meza yenye chanzo kamilifu. Jambo hili alilipigania mhandisi wa sauti Bill Whitlock wa Marekani kwa miaka mingi, na alipounda sakiti yake ya InGenius, iliyopata hataza mwaka 1996, alichokipandisha ni ukinzani wa ishara ya pamoja, hadi megaomu 10 kwenye 60 Hz. Transfoma nzuri inafanya hivyohivyo bila umeme wowote. Vyote viwili vina gharama, na mada yetu leo ni mfuko mdogo.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Ukilisha sakiti ya rezista 4 kwa sauti ya balansi, waya wa chanya unaona kilo-omu 20 na waya wa hasi unaona kilo-omu 6.7. Mtu anapiga hesabu hiyo, anashtuka, anabadilisha rezista za upande mmoja ili mikondo ilingane. Amekosea. Mikondo ya sauti si lazima ilingane. Kwa ishara ya pamoja, nyaya zote mbili zinaona kilo-omu 20 zilezile, na hilo ndilo linalohesabika. Alichofanya ni kuliinamisha daraja kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa, tukiwa na opampu mbili zaidi, mambo yanafunguka. Weka bafa moja kwenye kila waya, yaani opampu isiyokuza, halafu ndipo ije ile sakiti ya rezista 4. Kila bafa ipewe rezista ya kilo-omu 100 kwenda ethi, ili ingizo lisielee plagi inapochomolewa. Ukinzani wa ishara ya pamoja umepanda hadi kilo-omu 100, na zile omu 10 sasa zinatuwekea ukomo wa 80 dB. Rezista hizi za kilo-omu 100 wala hazihitaji kuchaguliwa: kwa chanzo cha omu 100, kosa la asilimia 1 kila upande linatuachia ukomo wa 94 dB. Uangalifu wote ubaki kwenye zile nne.

Faida ya pili inasikika kwa masikio. Rezista zenyewe hutoa kelele, ile ya "shhh". Sakiti ya kilo-omu 10 yenye NE5532 ina kelele ya karibu −105 dBu kwa upana wa 20 kHz, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya rezista. Bila bafa huwezi kuzipunguza, maana utakilemea chanzo. Ukiwa na bafa, unashusha zile nne hadi kilo-omu 1, ambazo NE5532 inaziendesha bila shida, na kelele inateremka hadi karibu −111 dBu, hata ukijumlisha kelele ya bafa zenyewe. Desibeli 6 kwa nyongeza ya opampu mbili ni biashara nzuri.

Faida ya tatu: bafa zinaweza kukuza. Chukua rezista moja tu, ifunge kati ya miguu ya kugeuza ya bafa zote mbili, kila bafa ikiwa na rezista yake ya mrejesho. Tofauti inakuzwa, ishara ya pamoja inapita bila kukuzwa. Ukikuza mara 2, CMRR imeongezeka 6 dB bure. Na uzuri wake ni kwamba rezista za mrejesho zikitofautiana, ishara ya pamoja haijali. Msigawe rezista ile ya kati kuwa mbili zenye ethi katikati. Mkifanya hivyo, ishara ya pamoja nayo inakuzwa na faida yote inapotea.

Kuhusu opampu zenyewe nitasema machache. TL072 ni rahisi, ila kelele yake ni nanovolti 18 kwa mzizi wa hezi dhidi ya 5 za NE5532, na ikisukumwa kupita mpaka wake wa chini tokeo lake hugeuka ghafla upande wa pili, mlio ambao ukiusikia hutausahau. NE5532 ndiyo ya kushikilia. Msemo wa rahisi ghali unaihusu chipu hii kwa sababu nyingine: zipo nyingi bandia sokoni, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi au mtandaoni. Kipimo cha haraka ni mkondo. NE5532 halisi, bila mzigo, kwenye ±15 V, inakula karibu miliampea 8. Ukisoma 3 au 4, jina limeandikwa upya juu ya chipu nyingine. Na kila chipu ipewe kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu yake ya umeme.

Nafasi ya juu, yaani kimo cha sauti kabla haijakatika, nayo isisahaulike. Kwenye ±15 V, NE5532 hufika kilele cha volti 13 hivi, sawa na +21 dBu. Miksa kubwa hutoa +24 dBu, ambayo kilele chake ni volti 17.4. Ndiyo maana maingizo mengi ya kikazi hupunguza sauti kwa nusu pale mwanzoni: rezista ya pili na ya nne zinakuwa nusu ya zile za kuingilia. Mtakapofanya hivyo, hesabu ya CMRR inashuka kidogo, kutoka 34 hadi 31.5 dB kwa rezista za asilimia 1, kwa hiyo kuchagua pacha kunazidi kuwa lazima. Kwenye sakiti yenye bafa, kumbukeni kwamba bafa ndiyo inayogonga ukuta kwanza ikiwa chanzo kimeweka sauti yote kwenye waya mmoja.

Kapasita za kuzuia umeme wa moja kwa moja zinastahili muda zaidi, kwa kuwa ndizo zinazovuruga kazi ya watu wengi bila wao kujua. Kapasita ya elektroliti ya maikrofaradi 10 ina ukinzani wa omu 318 kwenye 50 Hz. Kapasita hizo hutofautiana kwa asilimia 20 kwa urahisi, sawa na omu 64. Omu 64 juu ya kilo-omu 20 ni 50 dB. Umekaa saa nzima unachagua rezista za 60 dB, kisha umeweka kapasita mbili za bei ya peremende zinazokurudisha 50! Weka maikrofaradi 47, ukomo unakuwa 63 dB; weka 100, unakuwa 70 dB. Hapa ukubwa unatupa kinga ambayo usahihi ungetugharimu. Kwenye sakiti yenye bafa za kilo-omu 100, hata maikrofaradi 22 zinatosha kufika 71 dB.

Kosa jingine la kapasita liko upande wa juu wa masafa. Ili opampu itulie, mtu anaweka pikofaradi 47 sambamba na rezista ya mrejesho ya kilo-omu 10, na anaishia hapo. Kwenye 20 kHz, CMRR imeshuka hadi karibu 30 dB, na mngurumo wa dima za taa unaingia kama uko kwao. Kapasita ya mrejesho lazima iwe na pacha wake sambamba na rezista ya nne, ile ya ethi.

Dhidi ya mawimbi ya redio, weka omu 100 kwenye kila waya ikifuatiwa na pikofaradi 100 aina ya C0G, kauri isiyobadilika kwa joto. Kapasita hizi zishuke kwenye chasisi, kwa mguu mfupi kabisa, zisiende ethi ya sauti. Za asilimia 5 zinatosha; kwa chanzo cha omu 100 ukomo wake kwenye 20 kHz ni 72 dB.

Na pini 1? Pini 1 inakwenda kwenye chasisi, palepale plagi inapoingilia. Ikipelekwa kwenye bodi, mkondo wote unaotembea kwenye wavu wa kebo unapita ndani ya ethi ya sauti, na hakuna CMRR ya kuuzuia kwa sababu haukupitia ingizo. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza tatizo hili mwaka 1994, na baadaye kikaja kiwango cha AES48, lakini bodi zenye soketi za XLR zilizolehemiwa moja kwa moja bado zinatoka viwandani na kosa hilohilo.

Kifaa kikishakamilika, kipimeni hivi. Hamhitaji mashine ya maabara. Tafuteni transfoma ndogo ya volti 6 na mita inayosoma milivolti za umeme wa kubadilika. Unganisheni pini 2 na pini 3, zilisheni volti 6 dhidi ya pini 1, kisha someni tokeo. Kwa ingizo la ukuzaji wa 1, milivolti 120 ni 34 dB, milivolti 6 ni 60 dB, milivolti 0.6 ni 80 dB. Kama ingizo linapunguza sauti kwa nusu, zidisheni kwa 2 kilichosomwa kabla ya kukokotoa.

Kisha chomekeni rezista ya omu 10 mbele ya pini 2 tu, msome tena. Ihamisheni mbele ya pini 3, msome mara ya tatu. Jibu la kuandika kwenye karatasi ya kifaa ni lile baya kuliko yote matatu. La kwanza likiwa zuri na mawili ya mwisho mabaya, ukinzani wenu kuelekea ethi ni mdogo. Yote matatu yakiwa mabaya kwa kiasi kimoja, rudini kwenye uwiano wa zile rezista 4, au muangalie kama kuna lehemu baridi kwenye mguu wa ile ya nne. Mkirudia kwa jenereta ya mawimbi badala ya transfoma, jibu likiwa zuri kwenye 1 kHz na baya kwenye 50 Hz, ni kapasita za kuingilia. Likiwa zuri kwenye 50 Hz na baya kwenye 10 kHz, kuna kapasita ndogo iliyokosa pacha.